Anayeshawishi anasema Kiswahili, anayetafiti anaandika Kiingereza

Swali nililisoma kama lilivyoandikwa kwenye dodoso la utafiti kuhusu vijana kuvutwa kwenye ugaidi: "Je, katika mtaa huu unamfahamu mtu yeyote mwenye msimamo mkali?" Tulikuwa Unga Limited, mtaa mmoja wa Arusha, ndani ya karakana ya seremala. Mimi nimekaa juu ya rundo la mbao, kishikwambi mapajani; yeye anaendelea kupiga randa. Hakuhitaji kufikiri.

"Wa msimamo? Yupo. Mwalimu wa madrasa hapo nyuma. Yule mzee ana msimamo kweli kweli. Mtoto akichelewa haingii, hata awe mtoto wa mwenyekiti wa mtaa. Wakati wa kampeni kuna tajiri alileta mchele na sukari avigawe msikitini kwa jina lake, mzee akamwambia rudi navyo, hapa hatupigi kampeni."

Nikabonyeza NDIYO. Kishikwambi hakikuwa na mahali pa kuandika kwamba jibu lile lilikuwa sifa.

Jioni nilimweleza msimamizi wetu. Alinisikiliza vizuri, ni mtu muungwana, kisha akasema maswali yalishapitishwa na kamati ya maadili ya chuo chao huko nje, na neno likibadilishwa katikati ya kazi, takwimu za wiki ya kwanza na za wiki ya pili hazitalingana. Kwa hesabu za kitafiti alikuwa na haki. Ile NDIYO ikaondoka, ikajumlishwa na NDIYO nyingine, na mwalimu aliyekataa mchele wa kampeni akawa dalili ya itikadi kali katika kata yetu.

Nimefanya kazi hii ya kuwasaidia watafiti kwa miaka kadhaa, Arusha na Moshi, na kila mara narudi kwenye randa ile. Kwetu, mtu asiye na msimamo ni bendera fuata upepo. Ukimwongezea neno "mkali", humtii doa. Mwalimu mkali ndiye wazazi wanayempelekea watoto. Kwa hiyo maneno "msimamo mkali", ambayo magazeti na semina zetu zimeyazoea kama tafsiri ya "extremism" ya Kiingereza, mtaani yanageuka kuwa cheti cha tabia njema.

Ukikimbilia "siasa kali", hali inakuwa mbaya zaidi. Arusha ni mji uliozoea mikutano ya upinzani. Ukimuuliza dereva wa bodaboda pale Kilombero kuhusu watu wa siasa kali, atakutajia wanachama wa chama fulani, au atakaa kimya akidhani umetumwa. Na "itikadi"? Mzee wa miaka 70 akilisikia neno hilo anakumbuka Katibu wa Itikadi na Uenezi wa chama tawala. Kwake itikadi ni mambo ya Ujamaa na kadi ya chama. Linabaki neno "ugaidi", na hilo ukilitamka mazungumzo yameisha. Tangu Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, neno hilo lina harufu ya pingu na kesi isiyo na dhamana, na mwenye akili timamu halijibu mbele ya mtu asiyemfahamu.

Hoja yangu ndiyo hii. Ushirikiano wa kimataifa katika kuzuia ukatili wa itikadi kali umejengwa juu ya maarifa yanayochotwa kwa watu kama yule seremala, lakini maarifa hayo yanaulizwa kwa maneno yasiyo yao na yanaandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Mwisho wake tunakosea mara mbili: tunapata majibu ya uongo bila mtu yeyote kudanganya, na yale machache ya kweli tunayoyapata hayafiki kwa anayeweza kuyatumia.

Katika kazi nyingine nilipata bahati ya kuwepo tangu mwanzo, maswali yakiwa bado yanaandikwa. Tulikaa siku mbili na wenyeji, wakiwemo mtendaji wa mtaa, imamu, mchungaji, mama lishe na vijana wawili wa kijiweni. Tukayatupa maneno makubwa yote. Swali likawa hivi: "Kuna kijana wa hapa aliyeondoka bila kuaga, na nyumbani kwao wana hofu alikokwenda?"

Ngarenaro, mtaa mwingine wa Arusha, mama mmoja alipolisikia alizima redio. Alikaa kimya, nami nikakaa kimya. Kisha akaeleza habari za mtoto wa dada yake. Alianza kwa kuuza simu na kubadilisha namba. Akaacha kula na wenzake sinia moja. Akaanza kuwasahihisha wakubwa kwa ukali, yeye ambaye hata juzuu hajamaliza. Kisha siku moja kitanda kikakutwa kimetandikwa. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Akanitazama kama mtoto mdogo. "Ningemwambia nani, mwanangu? Nikisema, watakuja usiku, na hawatamkuta yeye. Watachukua wadogo zake."

Katika sentensi hizo chache mama yule alieleza jambo ambalo Umoja wa Mataifa umelitafuta kwa fedha nyingi na safari nyingi. Mwaka 2017 shirika lake la maendeleo, UNDP, lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na watu 718 katika nchi sita za Afrika, wengi wao waliojiunga kwa hiari na makundi kama al-Shabaab na Boko Haram. Walipoulizwa ni tukio gani lililowasukuma wakavuka mstari, asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Mwaka 2023 likarudi na ripoti kubwa zaidi, watu karibu 2,200 katika nchi nane. Safari hii robo ya waliojiunga kwa hiari walisema sababu kuu ilikuwa kutafuta kazi. Walioitaja dini walikuwa asilimia 17. Karibu nusu walikumbuka tukio mahususi lililowasukuma, na kati ya hao, kwa mara nyingine, asilimia 71 walitaja uvunjaji wa haki za binadamu, mara nyingi kutoka kwa vyombo vya dola.

Kuna takwimu nyingine katika ile ripoti ya 2017 ambayo nikiisoma namkumbuka mwalimu wa Unga Limited. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikiri kwamba uelewa wao wa maandiko ya dini ni mdogo au haupo kabisa. Na aliyepata angalau miaka sita ya elimu ya dini, uwezekano wake wa kujiunga ulipungua kwa hadi asilimia 32. Yaani mtu aliyekaa na watoto miaka sita akiwafundisha herufi, hukumu na adabu ni ukuta. Sisi na kishikwambi chetu tulimwandika kuwa ufa.

Nchi sita za 2017 zilikuwa Kamerun, Kenya, Niger, Nigeria, Somalia na Sudan. Mwaka 2023 zikaja Burkina Faso, Kamerun, Chad, Mali, Niger, Nigeria, Somalia na Sudan. Tanzania haimo katika orodha yoyote. Tunazitaja takwimu hizo katika kila warsha ya Njiro na kila mkutano wa AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa hapa Arusha, na hakuna hata moja iliyotoka kwetu.

Wala si kwamba jambo hili halituhusu. Agosti 7, 1998 ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulilipuliwa, watu 11 wakafa, siku ile ile Nairobi ikipoteza zaidi ya 200. Hapa Arusha, Mei 5, 2013, bomu lilirushwa katika uzinduzi wa parokia ya Olasiti, balozi wa Papa akiwepo. Watu watatu walikufa na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Mwezi uliofuata likaja bomu la mkutano wa CHADEMA kwenye viwanja vya Soweto. Aprili 2014 baa, Julai 2014 mgahawa wa chakula cha Kihindi. Na Aprili 2015 lilipovamiwa Chuo Kikuu cha Garissa wakauawa watu 148, miongoni mwa waliokamatwa na baadaye, mwaka 2019, kuhukumiwa kifungo cha maisha alikuwemo kijana wa Kitanzania.

Sasa mtazame upande wa pili unavyofanya kazi. Mwaka 2012, kabla ya Olasiti, al-Shabaab walianza kutoa jarida la Kiswahili kwa ajili ya wasomaji wa Kenya na Tanzania. Hawakusubiri mfadhili wa tafsiri. Kule Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tangu Mocímboa da Praia iliposhambuliwa Oktoba 2017, vita vinapiganwa katika pwani ambako Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili, ndiyo lugha ya sokoni, na kijana wa Mtwara akivuka Ruvuma hahitaji mkalimani. Anayemrubuni kijana wetu anamwambia "ndugu yangu" na "wamekudhulumu". Anayetaka kumwokoa anamwambia "mhojiwa namba 43", kisha anakwenda kuandika kwa Kiingereza katika jarida ambalo kusoma makala yake moja unalipia zaidi ya mshahara wa siku tatu wa yule seremala.

Kinachoniumiza ni kwamba jambo hili limetokea Arusha, mji ambao ungepaswa kuwafundisha wengine. Hapa hapa AICC ndipo ilipokaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa kwa azimio namba 955 la Baraza la Usalama, Novemba 1994. Septemba 2, 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Watu wengi mjini wanakumbuka magari meupe na kodi za nyumba zilivyopanda. Wachache wanakumbuka kilichofanyika ndani.

Majaji walikuwa wanafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, na mashahidi walisema Kinyarwanda. Mapema kabisa ilionekana kwamba tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. Wakamwita mtaalamu wa isimu kutoka Rwanda atoe ushahidi kuhusu maneno yaliyotumika dhidi ya Watutsi na walioonekana kuwa upande wao: inyenzi, inkotanyi, ibyitso. Inyenzi kwenye kamusi ni mende. Lakini lilikuwa na historia tangu miaka ya sitini, na maana yake mwaka 1994 ilitegemea nani analisema, wapi, lini na mbele ya nani. Maelezo hayo yakaingia kwenye hukumu yenyewe. Miaka mitano baadaye, Desemba 3, 2003, katika kesi ya vyombo vya habari, waanzilishi wawili wa redio RTLM ya Rwanda na mhariri wa gazeti la Kangura walitiwa hatiani, na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa maneno yaliyorushwa hewani, yakasikilizwa kanda kwa kanda, yakatafsiriwa, yakabishaniwa. Kumbukumbu za kazi hiyo zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji, mwendo mfupi kwa gari kutoka Unga Limited.

Mtafiti anayekuja Arusha kuchunguza jinsi chuki inavyogeuka kuwa damu angeanzia huko. Angejifunza kwamba neno la kienyeji ni ushahidi, na kwamba mwenyeji anayelielewa ni mtaalamu wa kukaa mezani. Badala yake mwenyeji ni mimi, ninayelipwa kwa siku, nikiambiwa nisome swali kama lilivyo.

Sitaki niwatupie wageni mzigo wote. Nimefanya kazi na Wadenmaki, Wakenya na Wamarekani waliojifunza lugha na kurudi mwaka baada ya mwaka. Wasomi wetu wenyewe, ambao Kiswahili ni cha mama zao, wanaandika Kiingereza kwa sababu kupanda cheo chuoni kunahesabiwa kwa majarida ya nje. Na serikali yetu ina sehemu yake. Mtafiti wa kigeni hapati kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, bila mshirika wa Kitanzania, na anatakiwa kuiwasilishia Tume ripoti yake. Ni utaratibu mzuri. Lakini ripoti inaishia kwenye kabati la Dar es Salaam. Sijaona kifungu kinachomtaka airudishe katani. Kisha mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka 2019 ikalegezwa, lakini nani alikuja mtaani kuwaambia watafiti vijana kwamba sasa wanaweza kupumua? Jambo nyeti kama hili wanalikwepa, wanaandika kuhusu utalii na kahawa.

Ushirikiano wa polisi, kwa upande wake, haukawii. Oktoba 2020 wavamizi kutoka Msumbiji walishambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara, wakaua raia. Novemba, wakuu wa polisi wa Tanzania na Msumbiji wakawa wameshasaini makubaliano ya kushirikiana. Julai 2021 majeshi ya SADC, yetu yakiwemo, yakaingia Cabo Delgado. Sipingi hayo hata kidogo. Waliochinjiwa ndugu zao Kitaya walistahili ulinzi wa haraka. Ila kama makubaliano ya wenye bunduki yanavuka mpaka ndani ya wiki chache, kwa nini neno la yule mama wa Ngarenaro lichukue miaka mitatu kufika kwa mkuu wa kituo cha polisi cha kata yake, na likifika liwe limeshakuwa jedwali la Kiingereza? Shule ya Polisi ipo Moshi, saa moja na nusu kutoka hapa. Askari wanaofundishwa pale ndio watakaogonga mlango wake usiku. Wao ndio wasomaji wa kwanza wa zile asilimia 71, nao hawajapelekewa kwa lugha wanayoongozea gwaride.

Kuna wanaosema habari hizi ni za siri, zikitangazwa zitampa adui silaha. Majina ni siri, ndiyo. Mbinu za upelelezi ni siri. Lakini Norway, baada ya Julai 22, 2011, ambapo Mnorway mmoja aliyejiita mtetezi wa Ulaya ya Kikristo aliua watu 77, waliunda tume, na Agosti 2012 ripoti yake ikawekwa hadharani kwa lugha ya wananchi. Ilisema bila kumung'unya kwamba shambulio la kwanza la siku ile, la bomu, lingeweza kuzuiwa na kwamba muuaji angeweza kukamatwa mapema zaidi. Mama wa Olasiti aliyepoteza mtu wake kanisani anastahili kurasa za namna hiyo sawasawa na mama wa Oslo.

Kenya nayo ina la kutufundisha. Baada ya mkakati wa taifa wa kupambana na itikadi kali wa Septemba 2016, kaunti zilianza kuandika mipango yao wenyewe, Kwale ikitangulia mwaka 2017. Mipango hiyo ina upungufu, na Wakenya wenyewe wanaulalamikia, hasa fedha. Lakini mtu wa Kwale ana karatasi ya kwake ya kushika na kugombania. Sisi mkoani Arusha sijaona ya kugombania.

Mwezi uliopita nilichoka kulalamika. Nilichukua zile ripoti mbili za UNDP, nikaandika kurasa mbili za Kiswahili, bila "msimamo" wala "itikadi" ndani yake. Nikatoa kopi 30 pale stendi ndogo, nikazipeleka kwenye kijiwe cha kahawa Sombetini baada ya sala ya Alasiri. Mzee mmoja alivaa miwani akaanza kusoma kwa sauti. Alipofika kwenye asilimia 71 akarudia mara mbili, na machalii wa bodaboda waliokuwa wanapiga soga wakasogea. Mmoja akasema hilo analijua, kaka yake alikaa mahabusu miezi saba bila kusomewa shitaka. Mwingine akabisha, akasema polisi nao wanauawa, wafanyeje? Ubishi ukawa mkubwa, wa heshima lakini mkubwa, kahawa ikapoa kwenye vikombe. Mwalimu wa madrasa ya jirani akaomba kopi tano za wazazi.

Chalii mmoja, kofia ya pikipiki kwapani, alikuwa amezisoma zile kurasa hadi chini na kuzigeuza nyuma, akitafuta. Akaniuliza, "Kaka, hapa kuna Somalia, kuna Nigeria, kuna mpaka Chad. Sisi hapa namba yetu ni ngapi?"